Mzee anapokuwa mkali kwa sababu ya ugonjwa wa kusahau: kubadilisha huduma, kugawana zamu au kutumia dawa?

Familia nyingi za Unguja na Pemba zinazomtunza mzazi mwenye demensia, ambayo wengi wetu tunaiita ugonjwa wa kusahau, huustahamilia usahaulifu wenyewe bila ya malalamiko makubwa. Maswali yanayorudiwa na majina ya wajukuu yanayochanganywa huhesabiwa kuwa ni mambo ya utu uzima. Kinachoitikisa nyumba ni ukali: mama aliyekuwa mpole maisha yake yote anamkwaruza binti yake anapomvua nguo, baba anamrushia mkwe kikombe cha chai ya moto, bibi anamtuhumu mjukuu kuwa kamwibia bangili zake za dhahabu na kumfukuza kwa mchi wa kinu. Hapo ndugu huitana, na kila mmoja huja na rai yake. Mmoja anasema tujifunze kumhudumia vyengine, mwengine anataka wapatikane watu zaidi wa kumwangalia, na wa tatu anataka apelekwe hospitali akapewe dawa ya kumtuliza.

Rai zote tatu zina msingi. Makala haya yanazipima kwa vipimo vilivyo sawa ili familia iliyokwama baina yao iweze kuona ipi inaihusu, na kwa wakati gani, kwa kuwa njia iliyoifaa nyumba moja inaweza kuiumiza nyumba ya pili.

Kwanza: je, ukali umeanza ghafla?

Ulinganisho unaofuata unawahusu wazee ambao ukali wao umejengeka pole pole, kwa wiki au kwa miezi. Mzee aliyekuwa ametulia juzi na leo anapiga watu, anaweweseka, anaona vitu visivyokuwepo, au analala mchana kutwa na kukesha usiku, ana jambo jengine kabisa: mwili wake umeingiwa na maradhi mapya na ubongo uliokwisha kudhoofika umeshindwa kuyahimili. Sababu za kawaida ni maambukizo ya njia ya mkojo, nimonia, malaria, upungufu wa maji mwilini, choo kilichofunga kwa siku nyingi, mkojo uliozuilika, sukari iliyoshuka kwa mwenye kutumia dawa za kisukari, kichwa kilichogonga chini alipoanguka, au dawa mpya. Hata vidonge vya mafua kama Piriton, ambavyo watu hujinunulia bila ya cheti cha daktari, vinaweza kumvuruga akili mzee mwenye demensia. Hali hii ni ya dharura. Apelekwe siku hiyo hiyo kituo cha afya cha karibu au hospitali, na atakayefuatana naye achukue dawa zote anazozitumia mzee ili zionwe. Kumpa dawa ya usingizi na kungojea kukuche ni kuyafunika maradhi ambayo mara nyingi yanatibika.

Vipimo vya kulinganisha

Nimechagua vipimo vitano. Cha kwanza ni chanzo: je, njia hii inakifikia kile kinachouzusha ukali, au inaunyamazisha tu? Cha pili ni muda unaopita kabla ya kuonekana nafuu. Cha tatu ni gharama, kwa fedha na kwa nguvu za watu. Cha nne ni hatari, kwa mzee mwenyewe na kwa walio karibu naye. Cha tano ni stara, ambayo miongozo mingi ya tiba huipitia kwa haraka, ingawa katika nyumba zetu ndiyo inayoamua nani anaweza kumshika nani, wapi na mbele ya nani.

Njia ya kwanza: watu wale wale, huduma tofauti

Chanzo. Hii ndiyo njia inayokwenda moja kwa moja kwenye chanzo, kwa sababu ukali wa mgonjwa wa demensia kwa kawaida ni jawabu ya kitu fulani. Mzee anayeumwa na jino huenda hawezi tena kusema kuwa jino linamuuma, lakini anaweza kuusukuma mkono unaomkaribia na kijiko cha uji. Maumivu husahaulika mno katika jambo hili. Mwaka 2011 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa Norway uliowahusisha wazee 352 wenye demensia na fadhaa, waliokuwa wakiishi katika nyumba za kutunzia wazee. Waliotibiwa maumivu kwa utaratibu maalumu kwa wiki 8, wengi wao kwa parasetamoli tu, walipungukiwa na fadhaa kwa asilimia 17 kuliko waliopata huduma ya kawaida. Kwa hiyo swali la mwanzo ni magoti, meno, vidonda, masikio na choo, na baada ya hapo ndipo yaje masuala ya tabia.

Chombo kikuu cha njia hii ni daftari. Kila ukali unapotokea, aliyekuwepo aandike mambo matatu: nini kilitangulia, nini kilitokea, na nini kilifuata. Baada ya wiki mbili hivi, mambo ambayo kila mtu aliyaona kuwa hayana mpangilio huanza kujipanga. Pengine ukali hutokea wakati wa kukogeshwa peke yake, au kuanzia baada ya alasiri hadi isha, pale mwanga unapofifia, vivuli vinaporefuka ukutani na nyumba inapojaa watoto waliotoka chuo cha Kurani. Na umeme ukikatika magharibi, kijana anayeingia chumbani na tochi ya simu mkononi anaweza kuonekana na bibi kuwa ni mwizi.

Kukogeshwa kunastahiki kuelezwa kwa urefu, kwani hapo ndipo wahudumu wengi wanapoumizwa. Mzee asiyemtambua tena binti yake anamwona mgeni anayemvua nguo, na kupigana kwake ni kujitetea. Katika utafiti uliofanywa Marekani na kuchapishwa mwaka 2004, wahudumu walifundishwa kuwakogesha wazee kwa kufuata raha na matakwa yao, au kuwafuta kitandani kwa mataulo yenye maji ya moto kiasi huku wamefunikwa. Matukio ya ukali yalipungua kwa asilimia 53 kwa njia ya kwanza na asilimia 60 kwa ya pili. Kwetu hapa hayo yanawezekana kwa kanga mbili, beseni na subira: mwili ubaki umefunikwa, ifunuliwe sehemu inayooshwa tu, ianziwe miguu na uso uachwe mwisho, na aelezwe kila hatua kabla ya kuguswa. "Shikamoo bibi. Maji haya hapa, nikuoshe miguu?" ni maneno anayoyafahamu tangu zamani, na wakati mwengine anaitikia "marahaba" hata kama jina la anayemwamkia limeshampotea. Siku akikataa, aachwe, na ajaribiwe tena baada ya saa moja. Hakuna mzee aliyedhurika kwa kukosa kukoga siku moja.

Tuhuma za wizi nazo zina namna yake. Kubishana, kuapa au kumletea mashahidi humzidishia hasira, kwa sababu kwake yeye bangili hazipo kweli. Kinachosaidia ni kumwambia, "Pole bibi, ngoja tukazitafute pamoja," kisha kutafuta pamoja naye na kumvutia pole pole kwenye jambo jengine. Ndugu wa mbali wasiupokee usemi wa mzee kwa simu na kumgeuzia mkwe. Nimeona kwamba mhudumu anayetuhumiwa na mgonjwa hustahamili, lakini anayetuhumiwa na wakwe zake huvunjika moyo.

Muda. Siku chache kwa jambo moja lililo wazi, kama kubadilisha namna ya kukogesha. Wiki kadhaa kwa mambo yanayohitaji kuchunguzwa kwa daftari.

Gharama. Fedha ni kidogo. Nguvu ni nyingi, na humwelemea zaidi mtu mmoja, ambaye mara nyingi ni binti asiyeolewa au mkwe.

Hatari. Kwa mzee hakuna hatari kubwa. Kwa mhudumu ipo, hasa pale familia inapodhani kuwa uvumilivu unatosha na kumwacha peke yake na mtu mwenye nguvu. Njia hii inataka vitu vya kuumiza viondolewe machoni: visu vya samaki, mundu, mchi, mbuzi ya kukunia nazi, maji yanayochemka, mafuta ya taa. Ukali unapopanda, anayehudumia arudi nyuma, asimshike mikono, asimzibie mlango, na azungumze mtu mmoja tu kwa sauti ya chini.

Stara. Inahifadhika vizuri zaidi kuliko katika njia nyengine zote.

Inamfaa nani. Mzee ambaye ukali wake una wakati au jambo linalojulikana, na familia yenye mtu anayeweza kujifunza na kupata usingizi wa usiku.

Njia ya pili: kuongeza mikono

Chanzo. Zamu za jamaa au msaidizi wa kulipwa haviondoi kinachomsumbua mzee. Vinaondoa uchovu wa anayemhudumia, na uchovu huo umo ndani ya chanzo kuliko tunavyopenda kukiri: aliyekesha usiku tatu huharakisha, humvuta mzee badala ya kumwongoza, hujibu kwa ukali, na mgonjwa ambaye hafuati tena maneno bado anausoma uso na sauti.

Hapa lipo jambo ambalo naliona ni la kuamuliwa kwa makini na kila familia. Desturi yetu ni kuzungusha mzazi, mwezi huu kwa mtoto wa Chake Chake, Pemba, mwezi ujao kwa mtoto wa Mwanakwerekwe, Unguja, ili kila mtoto apate fungu lake la radhi. Kwa mzee mwenye akili timamu ni jambo la furaha. Kwa mwenye demensia, kila nyumba ni nchi ya ugeni: choo hakipo pale mkono wake unapokitafuta, mlango unafungukia upande mwengine, na safari ya boti humchanganya kwa siku kadhaa baada ya kufika. Palipo na nafasi, mzee abaki pahala pamoja na watoto ndio wazunguke.

Muda. Mhudumu hupata nafuu wiki ile ile. Mzee anaweza kuzidi ukali mwanzoni, mpaka aizowee sura mpya, kwa hiyo anayekuja asiachiwe kazi ya kukogesha siku ya kwanza. Aanze kwa kukaa naye barazani na kula naye.

Gharama. Zamu za jamaa hazina malipo, ila zinataka mapatano yaliyo wazi: nani, siku gani, saa ngapi, na nani anashika nafasi yake akiugua. Walio Unguja mjini, Dar es Salaam au Oman na hawawezi kushika zamu wachangie fedha, na hilo lisemwe wazi kikaoni. Msaidizi wa kulipwa ni mzigo wa kila mwezi. Pensheni Jamii, iliyoanzishwa na Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar mwaka 2016 kwa wazee wenye umri wa miaka 70 na zaidi kwa shilingi 20,000 kwa mwezi na baadaye ikapandishwa, inasaidia sabuni, nepi na nauli, lakini haitoshi kumlipa mtu.

Hatari. Watu wengi wenye mitindo tofauti humvuruga mgonjwa. Wakiwa wanne, basi wanne hao wamkogeshe vile vile, saa ile ile, kwa maneno yale yale, na daftari liwe moja. Msaidizi asiyeelezwa ugonjwa wenyewe, naye mara nyingi ni msichana mdogo aliyeletwa kutoka shamba, anaweza kuupokea ukali kama uadui, akaogopa au akarudisha kipigo mafichoni. Michubuko mikononi na mzee anayejikunja akisikia sauti fulani ni dalili za kuulizia.

Stara. Hapa ndipo njia hii inapokuwa ngumu. Baba mtu mzima aliyejisitiri miaka yake yote anaweza kumpiga msaidizi wa kike kwa haya tu, na mama akamkataa mtoto wake wa kiume kwa sababu hiyo hiyo. Kijana wa kiume anayelipwa kwa saa mbili za asubuhi kwa ajili ya kumkogesha na kumvisha babu anaweza kuleta utulivu zaidi kuliko msichana wa kutwa nzima.

Inamfaa nani. Familia yenye ndugu wengi wanaosikilizana, au yenye kipato. Na kila nyumba ambayo mhudumu mmoja amekwisha kuanza kuugua.

Njia ya tatu: dawa za kutuliza

Chanzo. Dawa zinazoandikwa zaidi, kama haloperidoli, klopromazini, risperidoni na olanzapini, zilitengenezwa kwa ajili ya maradhi mengine ya akili. Zinaweza kupunguza ukali unaotokana na mzee kuona au kuamini yasiyokuwepo kwa namna inayomtia hofu kubwa. Hazisaidii maswali ya kurudiwa rudiwa, kutoka nyumbani na kupotea, wala kukataa kukoga. Familia inayozitarajia kwa mambo hayo itaona mzee anasinzia na tabia iko pale pale.

Muda. Utulivu wa usingizi huonekana siku za mwanzo. Kupungua kwa ukali wenyewe hupimwa kwa wiki, na faida yake ni ya wastani.

Gharama. Vidonge vyenyewe si ghali, na hospitali za serikali zinatoa huduma hiyo: Unguja ipo hospitali ya maradhi ya akili ya Kidongo Chekundu, na Pemba familia inaweza kuanzia hospitali ya Chake Chake, Wete au Abdalla Mzee ya Mkoani. Nafahamu kwamba jina la Kidongo Chekundu huwatia watu aibu. Demensia ni ugonjwa wa ubongo, na kwenda kwa wataalamu wanaoujua hakumvunjii mzee heshima. Gharama inayosahaulika ni ya kumrudisha kuangaliwa tena, ambayo ni sehemu ya matibabu yenyewe.

Hatari. Hapa lazima tuzungumze bila ya kuficha. Mwaka 2005 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo baada ya kupitia majaribio 17 kwa wazee wenye demensia: katika majaribio yaliyochukua kiasi cha wiki 10, waliokufa walikuwa asilimia 4.5 kwa waliopewa dawa mpya za kundi hili na asilimia 2.6 kwa waliopewa vidonge visivyokuwa na dawa. Mwaka 2008 onyo hilo likaongezwa kwa dawa za zamani, haloperidoli ikiwemo. Madhara mengine ni kiharusi, mwili kukakamaa, kutetemeka, kuanguka na kupaliwa na chakula. Ipo pia aina ya demensia, ya Lewy, ambayo mgonjwa tangu mapema huona watu au wanyama wasiokuwepo, mwili wake hukaza na mwendo huwa mzito. Kwake dawa hizi, hasa haloperidoli, zinaweza kuleta madhara makubwa hadi kifo. Diazepamu, dawa ya usingizi na wasiwasi ambayo hununuliwa kiholela, humwongezea mzee kuchanganyikiwa na kuanguka. Sindano za kukaa mwilini kwa wiki nyingi zina tatizo la peke yake: dhara likitokea, dawa haiwezi kutolewa.

Kwa hayo, taratibu zinazoaminika ni kali. Uingereza, risperidoni imeidhinishwa kwa ukali wa kudumu wa wagonjwa wa Alzheimer, aina ya demensia inayoonekana zaidi, kwa muda usiozidi wiki 6, na mwongozo wao wa mwaka 2018 unataka dozi ndogo kabisa inayofanya kazi na mgonjwa aangaliwe upya angalau kila baada ya wiki 6. Familia ina haki ya kumuuliza daktari mambo manne: dawa hii ni ya dalili ipi hasa, tutajuaje kuwa imefaa, dalili gani zitufanye turudi haraka, na lini tutaijaribu kuipunguza.

Stara. Dawa ikimfaa, inaweza kumrudisha mzee mezani pamoja na watu. Ikimzidi, anakaa mdomo wazi na nguo zilizolowa. Dawa ya kutiwa kwenye chai kwa siri inaiondolea familia uaminifu siku mzee akigundua, na isiamuliwe na mtu mmoja bila ya daktari.

Inamfaa nani. Mzee ambaye hofu au ukali wake ni mkubwa kiasi cha kumtesa yeye au kuhatarisha maisha ya watu, baada ya maumivu na maradhi mengine kutafutwa, na ambaye yupo mtu wa kumwangalia akitumia.

Kisomo, makao ya wazee na mlango wa kufuli

Familia nyingi huanza na kisomo cha Kurani, na sioni sababu ya kukipinga. Sauti ya mtu anayemjua akimsomea sura alizozihifadhi utotoni humtuliza mzee mwengine pale ambapo maneno ya kawaida hayafiki tena. Madhara huja pale anapofukizwa moshi mzito, kushikwa kwa nguvu, kupigwa ili "atoke" aliye ndani yake, au kuachishwa dawa za presha na kisukari. Kisomo kiende pamoja na njia yoyote katika hizo tatu.

Makao ya serikali ya Sebleni na Welezo kwa Unguja na Limbani kwa Pemba ni kwa ajili ya wazee wasio na wa kuwatunza, kwa hiyo kwa familia nyingi si chaguo la kulinganisha.

Kumfunga kamba au kumfungia chumbani peke yake sikuweka katika ulinganisho. Kunamtisha, kunamjeruhi, na nyumba ikishika moto hawezi kutoka.

Kuchagua kwa kufuata hali

Ukali ukiwa wa wakati wa huduma ya mwili tu, familia ianze na njia ya kwanza na iipe wiki tatu au nne za kweli, zenye daftari, kabla ya kusema imeshindikana. Dawa katika hali hii inamweka mzee katika hatari kwa tatizo la nusu saa kwa siku.

Ukiwa wa jioni, mabadiliko ya taa, kelele na usingizi wa mchana yanatangulia, na mtu wa pili apatikane kwa saa hizo tu. Katika Ramadhani nyumba hupika na kupokea watu kuanzia alasiri na kukesha usiku, hivyo mzee abakie na saa zake za kawaida za kula na kulala. Aliyepotewa na ufahamu hana wajibu wa kufunga, na njaa na kiu humzidishia ghadhabu.

Mhudumu akiwa halali, analia bila ya sababu au ameanza kurudisha mkono, njia ya pili ni ya wiki hii, hata kama mzee mwenyewe si mkali sana. Hapo kikao cha ndugu kisiwe cha kumnasihi asubiri.

Mzee anayeamini kwamba majirani wanataka kumuua, haliogopi giza na anatoka na mundu, anahitaji daktari sasa hivi. Dawa huenda ikawa lazima, na njia mbili za mwanzo ziendelee pamoja nayo, kwa kuwa dozi hubaki ndogo pale huduma inapokuwa nzuri.

Na kwa mzee ambaye tayari yumo katika dawa kwa miezi na sasa ametulia, hali inataka uamuzi mwengine. Ukali wa demensia mara nyingi hupungua wenyewe ugonjwa unapoendelea, na dawa hubakia kwa mazoea. Rudini kwa daktari mkamwombe aipunguze kidogo kidogo, msiikate ghafla, na daftari lifunguliwe tena kwa wiki hizo ili, ukali ukirudi, ijulikane umerudi kwa kukosa dawa au kwa goti lililoanza kuuma.